Gari Linanisonya

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari la kurasa mia kwa amri ya Fundi Kimya. Wiki iliyopita nilimpelekea gari mara tatu likiwa linalia, na mara zote tatu, likifika tu mlangoni pa gereji, linanyamaza kama mtoto aliyeonyeshwa fimbo. Kimya akafuta mikono, akasema, "Andika. Lini linalia, lini linaacha, mvua ipo au haipo, injini baridi au ya moto. Nitasoma." Tangu nimjue hajawahi kunipa maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Basi naandika. Shule niliishia darasa la sita, si kwa kushindwa, bali mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha. Gari ni la dizeli, la juu, lina miaka ishirini na sita, naliita Jemedari. Mimi na injini tunaelewana tangu ujana. Siku moja nilikuwa nimelala chali, nimejifunika shuka, lori likapita barabarani, nikawaambia waliokuwepo: huyo dereva gia ya tatu inamtoka, na asubuhi kagombana na mkewe. Wakamkimbilia, wakamuuliza. Yote mawili kweli.

Sasa sauti ya Jemedari: fyu, fyu, fyu. Kama mtu anasonya. Nikikanyaga mafuta, linasonya upesi upesi. Likishapata moto barabara, linaacha.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya dada. Nieleze vizuri maana daftari litasomwa. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu umerudi nusu, mkono bado unaning'inia. Hospitali wamempa Alhamisi kumi na mbili za mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi, binti mwembamba mwenye vidole vya chuma, alitusimamisha mlangoni akasema, "Mkono huu unaweza kujifunza upya, lakini ni sasa, sio mwakani. Akikosa mara mbili mfululizo, nafasi yake anapewa mwingine. Orodha ndiyo ile pale ukutani, mmeiona ilivyo ndefu."

Mvua ikishaanza, hakuna teksi inayokubali kuteremka mtaa wetu. Tope linafika magotini. Kuna Jemedari peke yake. Nikasema mbele ya wagonjwa wote, "Hata mbingu zidondoke, dada yangu atafika."

Mbingu zilianza kazi leo leo. Gari lilisonya kutoka nyumbani mpaka darajani. Dada akageuka akanitazama. "Linamsonya nani, mimi au wewe?"

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Injini baridi. Linasonya.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Linasonya. Nimeosha injini kwa mafuta ya taa na brashi, nikaifuta kwa kitambaa mpaka inang'aa. Sipeleki gari chafu kwa fundi. Hata mgonjwa huogeshwa kabla ya kwenda kwa daktari.

Jumatatu, 10 Machi

Gereji. Kimya alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Tulisubiri kama watu wa msibani. Mzee wa Betri, ambaye kazi yake ni kuchaji betri na kutia maneno, akaniuliza, "Mjomba, anasikia nini, redio?"

Kimya akafumbua macho, akagusa zile sindano nne zinazopulizia dizeli ndani ya injini. "Hizi nozeli zimewahi kufunguliwa?"

"Fundi," nikamwambia, "injini hii haijaguswa na mkono wa binadamu tangu itoke kiwandani. Mimi nalilea gari hili kama yai."

Akatikisa kichwa. Akasema basi ni gasketi ya ekzosi, pale bomba la moshi linapoungana na injini. Moshi ukipenya pale, sauti ni hiyo hiyo. Tumekubaliana Jumatano.

Jumatano, 12 Machi

Gasketi mpya. Kimya kabisa. Nililipitisha gari mtaani madirisha wazi ili watu wasikie kwamba hawasikii kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Fyu, fyu, fyu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshindwa kula. Linasonya.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kutwanga. Tulifunga vioo vyote. Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa na mapumziko kazini, akakaa nyuma. Dada alikohoa njia nzima na tulipofika alishika kichwa kwa mkono wake mzima.

"Mama, vipi?"

"Kichwa. Na hii harufu."

Nikasema ni moshi wa malori ya mbele.

"Lori lipi, mjomba?" mpwa akauliza. "Mbele yetu kuna baiskeli."

Huyu mtoto alisomeshwa sana. Nikamwambia mama yake aanze kunywa chai kabla ya safari, tumbo tupu ndilo linaloumiza kichwa.

Jumamosi, 22 Machi

Kila mtu sasa ni fundi. Muuza maziwa anasema kuna panya amebanwa kwenye feni. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili anasema ni mkanda. Mke wa mwenye duka, ambaye hajawahi kushika usukani, aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Hilo limechoka tu, shemeji, lipumzishe." Niliwajibu wote kwa adabu. Rohoni nilikuwa nachemka.

Alhamisi, 27 Machi

Linasonya. Dada katapika kidogo tulipofika. Mtaalamu akamsubiri robo saa ndipo wakaanza. Vidole viwili vimeanza kujikunja. Viwili!

Jumatano, 2 Aprili

Kimya amebadilisha mkanda. Linasonya. Akabadilisha mipira inayobeba injini. Gari halitetemeki tena, limekaa kama bwana harusi, na linasonya vile vile. Kimya alikaa juu ya tairi akasoma daftari hili ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye lile lori na mke wa dereva, aliruka kurasa mbili, nilimwona.

"Kila ukija injini imeng'aa," akasema.

"Usafi ni tabia yangu."

"Ungekuja nayo chafu."

Mimi? Nina jina mjini.

Alhamisi, 3 Aprili

Linasonya. Dada amefunga kitambaa puani. Haongei na mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kama juu.

Jumamosi, 12 Aprili

Hili la leo sitaki Kimya alisome, lakini mkono umeshazoea kuandika.

Mvua ilitukuta gereji, watu saba chini ya bati moja. Mvua ya namna ile bila soga ni kifungo. Mzee wa Betri akasema, "Mjomba, tupe kitu." Nikawapa. Nikawapa ile ya kushuka mlima bila breki, nilivyokuwa nikipiga honi mpaka upepo wa honi ukanipunguzia mwendo. Wakacheka. Nikawapa ya chura aliyeishi kwenye rejeta. Wakacheka zaidi. Basi nikanoga.

Nikawaambia: mwaka ule dada anahama, nimebeba vyombo vyake vyote, nimefika katikati ya pori, Jemedari akaanza kuvuja nozeli ya nne, ile ya mwisho kule nyuma. Moshi mpaka machoni. Mtu mwingine angekaa akalia. Mimi nikaifungua. Ile washa ya shaba ya chini, kile kipete kinachoziba moshi, imepasuka. Nikaingia kwenye vyombo, nikatoa kifuniko cha sufuria, nikaweka kalamu katikati nikachora duara, nikakata kwa mkasi wa kushonea, nikapigilia kwa jiwe, nikarudisha nozeli, nikawasha. Likanguruma! Na muda wote huo fisi amekaa pembeni, ameng'ata tochi, ananimulikia.

Wakalala kwa kicheko. Mzee wa Betri akauliza fisi alilipwa nini.

Kimya hakucheka. Aliweka spana chini. "Muacheni fisi. Kifuniko."

"Kifuniko kimefanyaje?"

"Ni cha kweli?"

Bati peke yake ndilo lililokuwa linasema. Watu sita wananitazama. Nikaona nikisema ndiyo, ina maana mwezi mzima na zaidi nimemzungusha mtu huyu, gasketi, mkanda, mipira, yote bure, kwa sababu ya kauli yangu ya yai. Ina maana kila Alhamisi nilimwambia dada ni malori.

"Aa, fundi," nikasema. "Soga za mvua hizo."

Akaniangalia kidogo. Akaokota spana yake.

Jumapili, 13 Aprili

Kifuniko ni cha kweli. Ila alumini iliyokaa miaka tisa haiwezi kuanza kuvuja leo. Ingevuja zamani. Nina hakika.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeosha injini. Kule nyuma, kwenye nozeli ya nne, kulikuwa na utando mweusi unaonata kama lami. Huwa upo. Huwa naufuta. Nimeufuta.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika yote, kama yalivyotokea.

Tuliondoka saa mbili asubuhi, mimi, dada mbele, mpwa nyuma. Mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo. Darajani maji yalikuwa yamepanda, askari akasimamisha magari yote. Tulikaa pale dakika arobaini. Vioo vimefungwa, maana ukifungua kidole kimoja unaoga. Injini sikuizima. Nilisema nikiizima kwenye unyevu ule haitawaka. Ukweli ni kwamba ingewaka, Jemedari huwaka daima. Ila injini ikipoa ingesonya upya, na nyuma yetu kulikuwa na gari la mwalimu mstaafu. Sikutaka asikie.

Mpwa akasema, "Mjomba, macho yananiwasha."

Nikamwambia, "Vumilia."

Kisha akasema, "Mama? Mama!"

Nikageuka. Dada kichwa kimelala kwenye kioo, midomo haina rangi, matapishi kifuani. Nikamwita, akafumbua macho bila kuniona. Mpwa alipiga mlango teke ukafunguka, mvua ikaingia yote, akamtoa mama yake nje ya gari akamshikilia pale kwenye maji, anampepea kwa mtandio uliolowa. Ananipigia kelele, "Zima! Zima hilo likitu!" Nikazima. Mwalimu mstaafu alishuka akatuvulia koti, akalitandaza juu ya vichwa vyao.

Nikawasha tena, vioo vyote wazi, askari akatupitisha upande wa juu wa daraja. Hospitali walimkimbiza kwenye chumba cha dharura, wakamwekea hewa puani. Baada ya saa moja rangi ikarudi. Daktari akatoka akatuuliza, "Huyu mama alikuwa wapi, jikoni? Amevuta moshi."

Mpwa alinitazama mimi. Nimetazamwa na watu wengi, lakini vile sijawahi.

Mazoezi yamempita. Mtaalamu alikuja mpaka pale kitandani, akambonyeza vile vidole viwili, akaandika kwenye karatasi yake. "Hii ni moja," akasema. "Alhamisi ijayo asikose."

Mwalimu mstaafu aliwarudisha dada na mpwa kwa gari lake. Mimi niliendesha Jemedari peke yangu, vioo vyote wazi, nimelowa mpaka kwenye mifupa. Mwalimu alikubali kuingiza gari lake topeni mara moja tu, na kesho anasafiri mwezi mzima.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda gereji asubuhi kwa miguu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri sana, yalianza na ugumu wa maisha. Nilipofika yalikwisha. Nikampa Kimya daftari, likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa tarehe kumi na mbili. Akasoma kwa kidole. Alama ya grisi iliyopo pale ni yake. Akaendelea mpaka jana. Nilikuwa nimesimama kama niko mbele ya mwalimu mkuu.

"Kwa hiyo ni ya kweli," akasema.

"Ni ya kweli. Fisi hakuwepo."

"Fisi nilijua." Akalifunga daftari. "Mjomba, mimi nilikuuliza siku ya kwanza."

"Uliniuliza."

"Na ule weusi ulikuwa unaufuta."

"Kila nilipoosha."

Nilitamani anitukane. Aliingia ndani akatoka na funguo. "Leta gari leo. Lilale hapa. Nataka kulikuta baridi."

Jumamosi, 19 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Injini baridi kama jiwe. Kimya alikoroga sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, akatoa ule mpira mkubwa wa hewa unaoziba kule nyuma, akasema niwashe. Fyu, fyu, fyu. Akamimina sabuni kwenye nozeli ya kwanza: maji yakateleza tu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Akamimina ya nne, yakaanza mapovu. Makubwa, ya kijivu, yanavimba na kupasuka, yanavimba na kupasuka, sawasawa na ile sauti. Wiki saba nimetukanwa na povu.

Akanionyesha kwa bisibisi: moshi unatokea pale, chini ya ule mpira, na tundu la hewa ya ndani ya gari liko shibiri moja tu juu yake. Injini ikipata moto sauti hufifia, moshi haukomi. Kiangazi vioo huwa wazi, unatoka. Mvua ikinyesha mnafunga, unabaki nanyi.

Mzee wa Betri alikuwepo. Alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Nilimshukuru kuliko anavyojua.

Jumatatu, 21 Aprili

Nozeli haitoki. Lile jiwe langu la porini lilipigilia alumini mpaka ikaoana na chuma. Kimya ametia mafuta ya kulainisha, anasubiri. Mimi nasubiri na yeye.

Jumanne, 22 Aprili

Haitoki. Kimya anasema akivuta kwa nguvu anaweza kukata, na ikikata ni kichwa kizima cha injini kushuka, wiki mbili. Alhamisi ni keshokutwa. Nimepita kwa madereva watatu wa teksi. Mmoja aliteremka na mimi mpaka mwanzo wa mtaa, akatazama tope, akatazama viatu vyake, akaniaga.

Jioni nikaenda kwa dada kumwambia. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake isiyoshona siku hizi, anakunja na kukunjua vidole kwenye kitambaa.

Nilimweleza yote. Kifuniko, yai, malori, daraja. Sikutia chumvi hata punje, na ilikuwa hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusimulia.

Akaweka kitambaa kando, kisha akasema, "Kumbe kifuniko cha sufuria yangu kubwa. Nimemnunia jirani wa kule miaka tisa, nikidhani kakiiba."

Nikataka kucheka. Akanikatiza.

"Usicheke, mdogo wangu. Ungeniambia ni moshi wa gari lako, ningefungua kioo nikalowa. Mimi ningelowa tu. Wewe ukaona bora niugue kuliko wakuseme."

Nimeliandika kama alivyolisema.

Jumatano, 23 Aprili

Haitoki saa mbili. Haitoki saa nne. Saa sita Kimya alipasha chuma joto, akagonga taratibu pembeni, tak, tak, tak, anazungusha unywele mmoja kwenda, unywele mmoja kurudi. Nilishika taa saa tatu nzima sikusema neno. Saa tisa na dakika kumi nozeli ikatoka, na washa yangu imeng'ang'ania chini yake, nyeusi, imeliwa upande mmoja kama kipande cha mkate. Kimya alikwangua pale inapokaa mpaka chuma kikawa cheupe, akaweka washa ya shaba, mpya, akakaza.

Akamimina sabuni. Hakuna povu. Akamimina tena. Hakuna.

Nilimuuliza nimpe nini. Akasema, "Ukiulizwa na fundi, jibu." Akaenda kunawa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Injini baridi. Kimya.

Dada alipanda, lakini kioo chake alikishusha nusu, na mvua ikamlowesha bega njia nzima. Sikumwambia akifunge. Tulifika saa tatu kasorobo. Kwenye orodha ukutani jina lake lilikuwepo, limezungushiwa duara kwa kalamu ya risasi. Mtaalamu alilifuta lile duara kwa kidole gumba.

Alhamisi, 8 Mei

Dada kafunga kioo leo. Vidole vinne vinajikunja. Kidole gumba ni mkaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Dukani wameniuliza nani kalitibu gari. Nikasema Fundi Kimya. Wakangoja niendelee. Sikuendelea. Mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 22 Mei

Ya kumi na mbili. Mvua zimebaki manyunyu. Mkono haukurudi wote. Mtaalamu ametuambia wazi kwamba kuingiza uzi kwenye sindano huenda kusiwezekane tena, lakini kushika na kuachia anaweza, na utazidi kupata nguvu akiutumia. Dada aliitikia kwa kichwa. Mpwa alilia kidogo, akajifanya anapenga kamasi.

Tukarudi kwenye gari. Nikawasha, nikainama kumfungia dada mkanda wa kiti. Akanisukuma kwa kiwiko. Akauvuta mwenyewe kwa mkono wa kulia. Ukamponyoka. Akauvuta tena, ukafika kifuani, ukaponyoka. Gari la nyuma likapiga honi. Mpwa akashuka akaenda kuongea nalo. Mimi nilikuwa na maneno kama arobaini mdomoni, ya kumpa moyo, ya kumwelekeza, na moja zuri sana la kuchekesha. Niliyameza yote. Injini ilikuwa inanguruma peke yake, sawasawa, haina la ziada. Dada amebana meno, jasho linamtoka puani, anasukuma kile chuma kwenye tundu lake kwa vidole vinavyotetemeka.

Zilipita kama dakika nne.

Ta.

"Haya," akasema, "twende."